Nimemaliza Kusoma



Juzi simu yangu iligoma kuingia chaji, nikaipeleka kwa fundi mmoja kijana hapa mtaani. Meza yake ameiweka kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme. Ana taa ya kuinamia, lenzi ya kukuzia, na kisanduku chenye vijidude vidogo mfano wa punje za ulezi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hebu nitazamie hii." Akaifungua, akaichungulia, akaanza kulehemu, na mimi nikawa natazama vidole vyake. Mtu anayeijua kazi yake ni raha kumtazama. Nikamuuliza, "Unasoma wewe?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Hapana mzee, nimemaliza kusoma. Nilimaliza form four 2019."

Mimi nilikuwa namuulizia vitabu, yeye alisikia shule. Wala hakukosea. Alinisikia kama Mswahili yeyote angenisikia. Tukimwona mtoto kavaa sare tunamuuliza anasoma wapi. Mzazi anasema, nasomesha watoto wanne. Binti wa jirani amesomea uuguzi. Fulani ni msomi, ana digrii mbili. Kote humo neno ni lile lile, na kote humo maana yake ni darasa, mwalimu, mtihani na cheti. Basi siku mtu anapokabidhiwa cheti, lugha yenyewe inamnong'oneza kwamba kusoma kumekwisha. Anatia madaftari kwenye boksi, boksi linapandishwa juu ya kabati, na kuanzia hapo akimwona mtu mzima kashika kitabu anamuuliza, "Kwani una mtihani?"

Jambo hili lina mizizi mirefu. Huko mwambao wazee walikiita kitabu chuo. Mahali mtoto alipofundishwa Kurani napo pakaitwa chuoni, na mjuzi wa dini akaitwa mwanachuoni. Kitabu na darasa vimelala kitanda kimoja tangu zamani. Lakini Kiswahili hicho hicho kimetupa neno jingine, nami nalipenda kupita kiasi: kujisomea. Likunjue uone lilivyoshonwa. Mtu anajisomea, yaani anasoma kwa ajili yake mwenyewe, bila kutumwa, bila kusahihishwa, bila kupewa alama. Kusoma kunaweza kumalizika mwaka 2019. Kujisomea sijui kunamalizikaje.

Nikamuuliza yule fundi kama amewahi kuingia maktaba. Akacheka kidogo, kicheko cha haya. "Maktaba si ya wanafunzi, mzee? Mimi nikiingia pale wakaniuliza nimefuata nini, nitasema nini?"

Swali hilo nililala nalo. Nilipoamka nikaona jibu lake haliwezi kutolewa kibarazani huku simu inafungwa skrubu, ndipo nikalileta hapa redioni. Nimefuata nini? Najua wengi mnaonisikiliza mna swali hilo hilo. Mnalipita jengo la maktaba kila siku mkiwa ndani ya daladala, mnaona kibao, mnaona vijana wenye mabegi wakiingia, na moyoni mnasema hapo si kwangu.

Kwanza basi tujue ile nyumba ni ya nani.

Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Dar es Salaam iliyo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa unatimiza miaka sita siku hiyo. Mwaka ulikuwa ule wa Azimio la Arusha, na waraka wa Elimu ya Kujitegemea ulikuwa umetoka miezi michache tu nyuma. Nchi haikuwa na fedha. Watu wazima walio wengi hawakujua kusoma hata jina lao. Mtu mwenye hesabu za karibu angesema jengeni kwanza kila kitu kingine, vitabu vitasubiri. Hawakusubiri. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilikuwa imepitishwa tangu 1963, uhuru ukiwa na miaka miwili, na sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyotupa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tuliyonayo hadi leo.

Kabla ya hapo vitabu vilitembea kwa sanduku. Mwaka 1948 ilianzishwa ofisi moja ya pamoja kwa nchi za Afrika Mashariki, kwa Kiingereza ikiitwa East African Literature Bureau. Ofisi hiyo ilichapa vitabu vya bei nafuu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zetu, ikaendesha mashindano ya uandishi, na ilikuwa na mpango wa kupeleka makasha ya vitabu mashuleni na kwenye vikundi vya watu, yakishasomwa yanabadilishwa. Aliyeishi mbali zaidi aliletewa kitabu kwa posta, akisome, akirudishe kwa posta. Nataka mlifikirie kidogo jambo hilo. Karani wa pamba huko bara, au mwalimu wa shule ya misheni, anakwenda posta kuulizia barua, anapewa bahasha nene, na ndani yake mna hadithi. Katika mashindano hayo hayo ya uandishi ndimo alimoibukia Muhammed Said Abdulla wa Unguja na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapwa mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa, mpelelezi ambaye wazee wenzangu bado wanamtaja kama mtu waliyewahi kunywa naye kahawa.

Lakini zilikuwako pia maktaba ambazo vibao vyake vilisema wazi ni za nani. Pale Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, jengo la fahari lenye nguzo kubwa mbele na simba wawili wa mawe mlangoni. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Angeweza kufagia ngazi zile, kufuta vumbi kwenye migongo ya vitabu, kumfungulia mlango msomaji, ila yeye kusoma, hapana. Mji ulilichukua jengo mwaka 1962, na sasa mlango uko wazi kwa yeyote.

Kwa hiyo mwanangu fundi, unaponiuliza utasema umefuata nini, nataka ujue kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa kwa ukali na mtu mwingine kabisa, na kwamba waliotangulia walihangaika ili lisiulizwe tena. Tunaposema maktaba ya umma, neno "ya umma" halikuwekwa pale kwa ajili ya kupamba. Ukifika mlangoni huulizwi cheti. Huulizwi kazi wala dini wala kabila. Unaingia, unakaa, unasoma. Ukitaka kuazima kitabu uende nacho nyumbani, unajaza fomu ya uanachama na kulipa ada, nayo ni ndogo.

Sasa naomba mniruhusu niongee habari za mama yangu.

Mama hakusoma shule. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika kisomo, mimi nikiwa tayari natembea. Serikali ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kila kijiji kilikuwa na darasa la jioni, chini ya mwembe au ndani ya godauni, popote palipokuwa na kivuli na ubao. Mwaka 1973 ukaja mpango wa redio ulioitwa Mtu ni Afya. Wenye umri wangu wanaukumbuka. Kwa wiki 12 Radio Tanzania ilirusha kipindi, na nchi nzima watu walikaa katika vikundi kusikiliza, zaidi ya watu milioni mbili. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kijitabu chake. Redio ikishazimwa, kijitabu kinafunguliwa. Anayejua kusoma anasoma kwa sauti, wengine wanafuata kwa kidole, kisha wanajadiliana habari ya malaria na maji machafu, kisha kesho yake wanakwenda kuchimba vyoo. Vikachimbwa vyoo kwa maelfu. Mama alikuwa katika kikundi kimojawapo. Mpaka anazeeka alikuwa akisema alifundishwa kusoma na mbu.

Nalitaja hili kwa sababu nimekaa mbele ya kipaza sauti na nafahamu wako wanaosema redio na vitabu ni mahasimu, anayesikiliza hasomi. Mwaka 1973 redio ndiyo iliyomshika mtu mkono ikampeleka kwenye kitabu.

Kisha nini kilitokea? Kijiji chetu kililetewa maktaba. Usifikirie jengo, lilikuwa kabati, na ndani yake vijitabu vya kilimo, vya afya, vya siasa, na hadithi chache. Mama alivimaliza vyote. Alipovimaliza akaanza upya. Vipya havikuja. Baadaye aliyekuwa na ufunguo akahama, ufunguo ukahama naye, na kabati likabaki limefungwa na vitabu ndani yake, mchwa wakawa ndio wasomaji. Kuanzia hapo mama alisoma karatasi za dukani. Mnazikumbuka, magazeti ya zamani waliyofungia sukari na karanga. Akifika nyumbani anamimina sukari kwenye kopo, analinyoosha gazeti juu ya paja lake kwa kiganja, taratibu, kama anapiga pasi, halafu anasoma. Habari ilianza katikati na ikakatika katikati, kwa sababu muuza duka alikuwa amelichana vipande vinne. Mtu ameshtakiwa, hujui aliiba nini. Timu imefunga, hujui imemfunga nani. Mara nyingine alinituma dukani, akaniambia, mwanangu, mwambie akufungie kwa kipande kile cha upande wa pili. Mimi nilikuwa naona haya kusema.

Mama alijua kusoma kwa miaka zaidi ya thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alisoma nusu za habari.

Yaliyompata yeye ndiyo yaliyoipata nchi. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba kufikia 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Dunia ilitusifu. Lakini ilipofika sensa ya mwaka 2002, karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Zipo sababu nyingi: hali ya uchumi ilikuwa ngumu, watoto wengi walikosa shule. Nami naiongeza ile niliyoiona kwa macho yangu. Kusoma ni kama njia ya shambani, isipopitwa inaota majani. Waliofundishwa walikosa cha kusoma, wakasahau. Waliopanga kampeni ile ya kisomo walilijua hilo mapema, ndiyo maana walianzisha maktaba za vijiji, na huko Mwanza mwaka 1974 wakaanzisha gazeti kwa ajili ya wahitimu wa kisomo, likaitwa *Elimu Haina Mwisho*. Jina hilo lingefaa kuchorwa juu ya mlango wa kila maktaba.

Turudi mjini, tuingie ndani.

Ukiingia maktaba ya mkoa leo siku ya kazi, saa nne asubuhi, utakuta meza zimejaa. Ukitazama vizuri utaona kwamba walio wengi hawasomi vitabu vya maktaba. Wamekuja na madaftari yao, na maswali ya mitihani iliyopita yaliyotolewa kopi. Ni watahiniwa wa kidato cha nne na cha sita, ni wanafunzi wa vyuo, ni watu wanaorudia mtihani. Nawasikia watu wakiwalaumu kwamba wanatumia maktaba kama darasa. Mimi siwalaumu hata chembe. Kijana anatoka nyumba ya chumba na sebule yenye watu saba, televisheni inaunguruma, mtoto analia, umeme unakatika. Anapanda magari mawili ili apate meza, kiti, mwanga na ukimya. Nchi ikimpa mtoto wake meza na ukimya, imempa kitu kikubwa. Ninachosikitikia ni kwamba akishafanya mtihani wake harudi tena. Miaka miwili amekaa hatua kumi kutoka kwenye rafu, na hakuinuka hata siku moja akanyoosha mkono.

Basi leo tuinuke. Vitabu vya maktaba vimepangwa kwa namba, na namba hizo zinawatisha watu bure. Mpango huo ulibuniwa na Mmarekani aitwaye Melvil Dewey mwaka 1876. Aliigawa elimu yote ya dunia katika mafungu kumi, kila fungu likagawanywa tena kwa kumi, na tena kwa kumi. Ukishaijua namba yako, unakwenda moja kwa moja kama mtu anayekwenda kwao. Mwanangu fundi, wewe nenda 621.38, elektroniki iko hapo. Mama mwenye cherehani, 646.4. Mpishi, 641.5. Ukitaka habari za kuku, 636.5. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, na hapa lazima niseme linaloniuma: Dewey alizipa fasihi za Ulaya namba fupi fupi, Kiingereza 820, Kijerumani 830, kisha za Afrika zikasukumwa huku mwishoni na mkia mrefu wa nukta. Msiudhike mkaondoka. Fuateni mkia huo hadi mwisho, kwa sababu mwishoni kabisa amekaa Shaaban Robert, na pembeni yake Kezilahabi na Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, wanawasubiri.

Miaka michache nyuma kuku wangu walikuwa wakifa kwa kideri. Nikaenda maktaba, nikaelekea 636.5, nikapata kitabu cha ufugaji, nikasoma habari ya chanjo, nikaandika kwenye karatasi. Wakati nakirudisha, jicho likateleza kwenye rafu ya karibu, 638, nikaona kitabu cha nyuki. Sikuwahi kuwaza nyuki maishani mwangu. Nikasimama hapo hapo nikafungua, na niliposhtuka miguu ilikuwa inaniuma. Nilijifunza siku ile kwamba nyuki aliyepata maua hurudi mzingani akacheza ngoma, na kwa mwelekeo na muda wa ngoma yake wenzake wanajua maua yako upande gani na umbali gani. Leo nina mizinga minne.

Mnaniambia, mzee, hayo yote yako kwenye simu. Mengi yapo, nami sina ugomvi na simu. Ndiyo maana nililala bila raha ilipoharibika. Lakini simu ningeiuliza habari ya kideri, ingenijibu kideri, tungeachana. Habari za nyuki nisingeziuliza kwa kuwa sikujua kwamba nazitaka. Halafu kuna bando, ambalo huisha ukurasa wa tatu. Na kuna ujumbe unaoingia, na mwingine, na picha za harusi ya mtu usiyemjua. Kitabu cha kurasa mia mbili kinataka ukipe jioni tatu nne za maisha yako ukiwa mzima mzima, na ukikipa, nacho kinakupa kichwa kinachoweza kufuata jambo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi anayelehemu anaelewa nasema nini. Mkono wake hauwezi kuwa mahali pawili.

Jingine ni zito zaidi. Vitabu vingi vya Kiswahili vya miaka ya 1960 na 1970 havipo madukani wala mitandaoni. Ile ofisi iliyokuwa ikituma makasha ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Wachapaji wengine walifunga milango. Waandishi wamefariki. Kilichobaki ni nakala, na nakala zimebaki maktaba. Sheria yetu inamtaka mchapaji apeleke nakala za kitabu chake Maktaba Kuu, kwa hiyo pale pamekuwa kama ghala la mbegu. Mbegu ya ghalani nayo inataka kupandwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, nilisimamishwa njiani na watu wakiniuliza: kaandika nini, na kwa Kiswahili tutakipata wapi? Mwaka uliofuata *Paradise* yake ikatoka kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Bei ya kitabu kipya inaweza kumla mtu vibarua vya siku nzima au zaidi. Ndiyo kazi ya maktaba hiyo: kinunuliwe kimoja, kisomwe na mia.

Nimesema habari za watu wazima, lakini msomaji anaanza akiwa bado hajui herufi. Anaanza mapajani. Maktaba Kuu ina sehemu yake ya watoto, na maktaba za mikoa nyingi zina meza na viti vifupi kwa ajili yao. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kutoa hadithi nyingi nzuri za Kiswahili, zenye picha, zenye watoto wanaofanana na watoto wetu. Mjukuu wangu wa miaka mitano ana kitabu kimoja cha sungura amenisomesha mara ishirini. Nikiruka neno ananirudisha: "Babu, umeruka." Hajui kusoma. Ila anajua kwamba kwenye karatasi kuna maneno, kwamba maneno hayo hayabadiliki hata babu akisinzia, na kwamba siku moja atayafikia mwenyewe bila babu. Wazazi wenzangu, mnatafuta shule za gharama kubwa, mnalipa masomo ya ziada. Jumamosi moja kwa mwezi mpelekeni mtoto maktaba, akae, achague mwenyewe. Akichagua kitabu mnachokiona cha kitoto, mwacheni. Ni mtoto.

Kuna watakaosema, maktaba iko mbali. Wanasema kweli. Tunazo za mikoa, tunazo za baadhi ya wilaya, na wilaya nyingi hazina kabisa. Huko Zanzibar kuna Maktaba Kuu pale Maisara, na aliye kijiji cha mbali cha kaskazini ana safari. Umbali huu hautibiwi kwa kuhimizana peke yake. Lakini tazameni majirani zetu wa kaskazini mashariki ya Kenya, Garissa na Wajir. Huko watu ni wafugaji, leo wapo hapa, kesho wamefuata malisho. Shirika la maktaba la taifa la Kenya likaona haiwezekani kuwaambia watu hao waje maktaba. Mwaka 1996 likawapakia ngamia vitabu. Ngamia mmoja anabeba makasha mawili, kila kasha vitabu kama mia mbili, na mwenzake anabeba hema na mikeka. Wanafika, hema linasimamishwa chini ya mti, mikeka inatandikwa, watoto wanakaa. Waliofanya hivyo hawakuwa na fedha kutuzidi. Walianza na swali la msomaji yuko wapi.

Kwa hiyo diwani wako akija kuomba kura, mwulize habari ya barabara, mwulize habari ya zahanati, kisha mwulize kata yetu itapata lini chumba cha kusomea. Chumba kimoja katika ofisi ya kata, rafu nne, taa, na mtu mwenye ufunguo asiyehama nao. Najua atashangaa, kwa sababu hajawahi kuulizwa. Na pale maktaba ilipo, nenda. Ukikuta kitabu unachokitaka hakipo, usiondoke kimya, mwambie mkutubi, kiandikwe. Wakutubi wetu, ambao wengi wamefunzwa kazi hiyo pale Bagamoyo, wanakaa na watu wanaoomba kiti tu. Siku anapotokea mtu anayeomba kitabu, uso wao unabadilika. Nimeliona hilo mara nyingi.

Yule fundi alinirudishia simu, akanitoza elfu kumi, akapunguza hadi elfu nane kwa ajili ya mvi zangu. Nikamwambia Jumamosi saa nne nitakuwa kwenye ngazi za maktaba, akipenda aje. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Tutaangalia, mzee." Nitakwenda aje asije, kwa kuwa nina kitabu cha kurudisha. Nimeazima *Kuli* ya Adam Shafi, riwaya ya wapakizi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Zimenibakia kurasa kama arobaini, na mkutubi ameshanipigia simu kwamba kuna mtu mwingine anakiulizia. Kwa hiyo wasikilizaji mtaniwia radhi, leo naishia hapa, nikakimalize.